Mzee ana Parkinson au mnamhisi? Msisahau tumbo lake

Wengi tukisikia Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, tunawaza mkono unaotetemeka tu, ila tumbo limo humo sana na mara nyingi ndo linaanza kusumbua, kuna watu choo kinakuwa kigumu miaka mingi kabla mkono haujaanza kucheza.

Kwa hiyo anza kwa kumuuliza taratibu, choo anapata mara ngapi kwa wiki, harufu ya chakula bado anaisikia, alafu muulize anayelala naye kama usiku anapiga mateke au kelele akiwa ndotoni, maana hizi nazo zinaweza kuwa dalili za mapema. Andika vyote na lini vilianza, mpelekee daktari, akipatikana wa mishipa ya fahamu ni bora zaidi. Choo kigumu peke yake sio Parkinson jamani, wengi wanacho na hawaumwi, msimtishe mzee.

Sasa tumbo na ubongo wapi na wapi? Mwaka 2003 Heiko Braak wa Ujerumani na wenzake walitoa wazo kwamba kwa baadhi ya watu huu ugonjwa huenda unaanzia kwenye utumbo ndo unapanda kichwani kupitia neva ya vagasi, ile inayounganisha tumbo na ubongo. Alafu 2019 watafiti wa Montreal, Kanada, walichukua panya wasio na jeni ya PINK1 (kwa binadamu ikiharibika inaweza kuleta Parkinson ya mapema), wakawaambukiza bakteria wa tumbo wakiwa wadogo, maambukizi yakapita, ila miezi baadaye wakaanza kushindwa kutembea vizuri na walipopewa levodopa, dawa ileile ya wagonjwa wetu, wakapata nafuu. Panya wenye jeni nzima hawakupata hiyo shida. Inaonekana kinga ya mwili ikishachokozwa na wale bakteria inageukia sehemu za seli za mwili wenyewe, na askari wake walikutwa hadi kwenye ubongo. Hao ni panya lakini, kwa watu haijathibitishwa, asije mtu akakuuzia dawa ya kusafisha tumbo eti inatibu Parkinson.

Cha kufanya nyumbani: maji ya kutosha, mboga, matunda, atembee kadiri anavyoweza. Akiharisha siku nyingi au choo kikiwa na damu apimwe, msinunue antibiotiki kienyeji.

Kama yuko kwenye levodopa ameze kama nusu saa kabla ya kula, maana nyama, maharage na maziwa vinagombania njia na dawa. Ikionekana haifanyi kazi kama zamani ulizeni kipimo cha H. pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, anaweza kuzuia dawa isiingie vizuri mwilini. Msiiache ghafla, ni hatari kabisa.

Na hii naomba muishike sana: akitapika, mwambieni nesi mapema kwamba ana Parkinson, asipewe metoclopramide, wengi wanaijua kama Plasil, inazuia dopamini, kemikali ya ubongo ambayo mgonjwa wa Parkinson tayari anayo kidogo, na kumzidishia kukakamaa, daktari atamchagulia nyingine.