Somo: kupima theluji ya mwanzo wa msimu kabla ya kuingia mteremkoni

Theluji ikiwa haba, wengi hudhani hatari ya maporomoko ya theluji nayo ni haba. Sivyo. Ardhi hukaa karibu na nyuzi 0 huku hewa ya usiku usio na mawingu ikishuka mno. Tofauti hiyo ikifikia takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila sentimita 10 za kina, theluji nyembamba hugeuka chembe kubwa zisizoshikana, mithili ya sukari. Dhoruba ijayo hulaza tabaka zito juu ya msingi huo.

1. Soma taarifa ya maporomoko ya siku hiyo. Kipimo huenda 1 hadi 5, na 3 si namba ya kupuuza.

2. Tafuta ilipobaki theluji ya kwanza: juu, penye kivuli. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, huo ni upande unaotazama kaskazini. Pima mwinamo, kati ya nyuzi 30 na 45 ndipo mabamba mengi ya theluji hukatika.

3. Theluji ikitoa mvumo mzito chini ya miguu, au nyufa zikikimbia mbele yako, geuka. Kuchimba shimo la kupimia ni kwa nini tena?

4. Kama kimya, chagua mahali salama penye mwelekeo uleule, chimba hadi ardhini. Kata tofali la theluji la sentimita 90 kwa 30, litenge na theluji ya nyuma. Laza koleo juu ya tofali, upande mmoja, uligonge kwa mkono: mara 10 ukiuchezesha kutoka kifundoni, 10 kutoka kiwikoni, 10 kutoka begani. Ufa ukivuka hadi ng'ambo kwa pigo lililouanzisha au linalofuata, mteremko huo uache.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ufa usipovuka, nishuke?*
Shimo ni mahali pamoja tu. Hatua kumi pembeni mambo hubadilika. Jaribio likikataa, liamini. Likikubali, bado hujapewa ruhusa.

*Mawe yaliyochomoza si yanaishikilia theluji?*
Kidogo. Lakini kandokando yake theluji ni nyembamba na chembe zile hukua zaidi, hivyo uzito wa mtu mmoja hulifikia tabaka bovu kwa urahisi. Tena poromoko dogo likikuburuta juu ya mawe hayo, mifupa huvunjika bila hata kufukiwa.

*Tukiwa wawili, kifaa kimoja cha mawimbi cha kumtafutia aliyefukiwa kinatosha?*
Hapana, ndugu yangu. Kila mmoja awe na chake kilichowashwa, fimbo ya kudunga thelujini kumtafuta aliyefukiwa, na koleo. Matumaini ya aliyefukiwa hupungua kwa kasi baada ya kama dakika 10, kwa hiyo mwokoaji ni mwenzake aliye pale.