Punguza sukari ukianzia kwenye kinywaji

Watu wengi wanaonijia kwa ushauri wa lishe huniambia, "Mimi sili sukari." Ni kweli hawaili. Wanainywa.

Hatua ya 1: pima kwa macho. Chukua soda ya mililita 330, usome lebo. Ikiandikwa gramu 10.6 kwa kila mililita 100, chupa nzima ina gramu 35. Kijiko cha chai hubeba gramu 4 hivi. Basi chota vijiko tisa, umimine kwenye glasi kavu, uiweke mezani uitazame. Nimeona watu wazima wakinyamaza mbele ya glasi hiyo. Tangu 2015, Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima. Ikiwa chini ya 25, bora zaidi.

Hatua ya 2: acha vinywaji vitamu, juisi ikiwemo. Sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi, nusu kwa nusu. Glukosi hutumiwa na mwili mzima, lakini fruktosi nyingi huishia kwenye ini, na ikizidi ini huigeuza mafuta. Mengine hubaki humo humo, mengine huingia kwenye damu. Matunda mazima usiyaogope: nyuzinyuzi zake huchelewesha sukari, nawe hushiba mapema.

Hatua ya 3: chai, polepole. Punguza nusu kijiko kila wiki. Utamu huamsha dopamini, kemikali inayoufundisha ubongo kuutamani tena, ndiyo maana wanaokata ghafla nawaona wakirudia. Ulimi huzoea.

Hapa huulizwa: si ubongo unahitaji sukari? Unahitaji glukosi, na kwa wingi: una asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia asilimia 20 hivi ya nishati. Ila glukosi hiyo hutoka kwenye wanga wa chakula cha kawaida, na usiku umelala ini huitoa lenyewe. Ubongo haudai hata kijiko kimoja cha nyongeza.

Hatua ya 4: ukiwa unatumia insulini au vidonge vya kisukari, muone daktari kabla ya hatua ya 2, kwa sababu dozi huenda ikahitaji kupunguzwa. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kuchanganyikiwa, sukari imeshuka: kunywa juisi au maji ya sukari papo hapo.