Namna ya Kumsaidia Mwanafunzi wa Chuo Kuona Nafasi Yake Katika Kuleta Mabadiliko

Mhadhiri au mlezi anayemwuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angependa kubadilisha nini katika jamii, mara nyingi hupewa jibu kubwa lisiloshikika: umaskini, rushwa, ukosefu wa ajira. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimwelezi kijana afanye nini kesho asubuhi. Ni afadhali kuanza na swali dogo: fani unayoisomea inakuonyesha nini ambacho wengine wanakipita bila kukiona?

Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, alikuwa mtaalamu wa anatomia ya mifugo, yaani maumbile ya miili yao, aliyekwenda mashambani kukusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. Huko aliona mito iliyojaa tope na ng'ombe waliokonda. Kisha, kupitia baraza la kitaifa la wanawake, akapata kusikia jinsi wanawake wa vijijini walivyotaabika kwa kukosa kuni na maji safi. Vuguvugu lake la kupanda miti, Green Belt, lilianza mwaka 1977, baada ya hayo yote. Utaratibu huo una uzito: ilitangulia kazi ya fani, ikafuata kuona, kisha kusikiliza, na miti ikaja mwisho. Sisi walezi mara nyingi huanzia kwenye miti. Tunawapakia wanafunzi kwenye basi, wanapanda miche na kupiga picha, na miche inakauka kwa sababu hakuna aliyeuliza ni nani atakayeimwagilia wakati wa kiangazi.

Kwa vyuo vya Tanzania, fursa nzuri zaidi ni kipindi cha mafunzo kwa vitendo. Mwombe mwanafunzi atenge daftari moja ambalo, kwa wiki mbili za kwanza, ataandika anayoyaona na kuyasikia tu, bila kupendekeza suluhisho lolote. Akiwa kijijini, ajitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji akiwa na barua ya chuo, aombe ruhusa ya kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji, na akae nyuma asikilize taarifa ya mapato na matumizi inavyosomwa na maswali yanayoulizwa. Ataona kwamba watu aliodhani wanasubiri kuelimishwa wanalijua tatizo lao kwa undani, na kwamba huenda wamekwisha kulishughulikia kwa miaka mingi.

Hapo ndipo apewe kazi ndogo yenye mwisho unaojulikana, iliyoombwa na wenyeji wenyewe: kupanga kumbukumbu za kikundi cha kuweka na kukopa, kupima umbali wa visima, au kuandika barua ya kwenda halmashauri. Kazi ikiisha, keti naye. Usimwulize kama alifurahia. Mwulize ni sehemu gani aliendelea kuifanya hata pasipo msimamizi. Mwanafunzi mkimya ambaye hajawahi kushika kipaza sauti anaweza kugundua kwamba yeye ndiye anayeaminiwa na pande mbili zinazogombana, au kwamba hesabu zake ndizo zilizofumbua macho ya kikundi. Naamini tunapoteza vijana wengi wa aina hii kwa kudhani kwamba mleta mabadiliko lazima awe msemaji.

Wapo ambao nafasi yao imo ndani ya taaluma yao moja kwa moja. Rebeca Gyumi, mwanasheria wa Tanzania, alifungua kesi Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu wasichana kuolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Alishinda mwaka 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali rufaa ya serikali. Mwanafunzi wa sheria akiichambua kesi hiyo pamoja na mwalimu wake ataona kwamba somo analolikariri kwa ajili ya mtihani ni chombo cha kazi.

Jambo la kuchunga ni kutomwachia kijana mzigo peke yake. Suala likigusa ardhi au fedha za umma, mlezi atangulie kuzungumza na viongozi. Nauli nayo isitoke kwenye fedha yake ya kujikimu. Anapohitimu, aombe ridhaa ya wenyeji, kisha amkabidhi daftari mwanafunzi wa mwaka unaofuata na kumpeleka yeye mwenyewe kijijini, ili wenyeji wasilazimike kusimulia upya tangu mwanzo.