Kumfunza Kijana Kutoa Pasi kwa Mfano wa John Stockton

Anayewafunza vijana wa Malindi mpira wa kikapu hukabiliwa mapema na tatizo lile lile: kila mtoto anataka kurusha, na anayetoa pasi huonekana kama aliyeshindwa kufunga. Dawa ninayoipendekeza ni kuwasomesha mchezo wa John Stockton, aliyekuwa mchezeshaji wa Utah Jazz ya Marekani tangu 1984 hadi 2003 bila kuhamia timu nyingine, na ambaye pasi zake 15,806 zilizozaa vikapu hazijafikiwa na mchezaji yeyote wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani.

Usianze na takwimu hiyo, kwa kuwa mtoto hawezi kuishika. Anza na kimo chake cha sentimita 185, ambacho katika ligi ile kilikuwa cha mtu mfupi, kisha ueleze kwamba mwaka 1984, timu za ligi zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, aliteuliwa wa 16, na kwamba miaka yake ya mwanzo alizoea kuanzia benchi. Kijana anayenuna akiwekwa nje na alisikie hilo.

Baada ya hapo ingieni uwanjani, ikiwezekana baada ya sala ya Alasiri, saruji ikiwa imeanza kupoa. Wafunze mchezo ambao Stockton na Karl Malone, mwenzake mrefu wa Jazz, waliurudia usiku baada ya usiku ilhali wapinzani wakiujua: mrefu asimame imara kando ya mkabaji wa mwenye mpira, asisogee, mwenye mpira apite karibu naye kiasi cha kugusana mabega, ili mkabaji akwame, hapo mrefu ageuke na kukimbilia kikapu, na pasi imkute njiani, si baada ya kusimama. Kosa la kawaida ni mwenye mpira kupita mbali, akaacha upenyo wa mkabaji kujipenyeza. Msimu wa kusi, uwanja ukiwa wazi, sisitiza pasi ya kudundisha, maana pasi ndefu ya juu hupeperushwa na upepo (nami nimeziokota nyingi nje ya ua). Rudieni bila mkabaji kwanza, kisha na mmoja, kisha wawili.

Mkitazama video, isimamishe kabla mpira haujamtoka Stockton mkononi, uwaulize utakwenda kwa nani na kwa nini. Majibu yao yatakuonyesha nani ana macho ya mchezeshaji.

Kuhusu mahudhurio sihubiri sana. Hutaja tu kwamba katika misimu 19 alikosa michezo 22 ya msimu wa kawaida.

Kile kikapu chake cha pointi tatu cha tarehe 29 Mei 1997, kilichoishinda Houston Rockets muda ukimalizika na kuipeleka Jazz fainali kwa mara ya kwanza, kiweke mwisho kabisa. Ukikionyesha siku ya kwanza, jioni hiyo hutaona pasi hata moja.