Somo: Kumaliza uzamivu (PhD) wa baiomedikali ukiwa upande huu wa ziwa

Friza yangu ilikuwa imejaa sampuli, vipimo vyote vimekwisha, msimamizi amekubali jedwali la mwisho, na bado nilikaa mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya kuvaa joho. Kilichonichelewesha ni makala ambazo hazijatoka na kibali nilichoacha kiishe muda. Ndiyo maana somo hili limeelemea upande wa makaratasi. PCR, ile mbinu ya maabara ya kuzidisha nakala za DNA, utafundishwa na watu wanaoijua kuliko mimi.

Hatua ya 1: Soma masharti kabla ya kulipa karo

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya (CUE) ndiyo inayoweka kiwango cha chini: uzamivu hauwi chini ya miaka 3, na mtahiniwa awe amechapisha makala mbili katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu. Juu ya hapo kila chuo kina kanuni zake. Ukiwa Maseno, Masinde Muliro kule Kakamega, Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo au Moi kule Eldoret, usitegemee alichokuambia rafiki wa chuo kingine. Uliza kama kuna masomo ya darasani na mtihani kabla ya utafiti. Uliza kama makala iliyokubaliwa inahesabiwa, au lazima iwe imeshatoka. Uliza kama jina lako ni lazima liwe la kwanza. Majibu yawe ya maandishi.

Hiyo miaka 3 ni ya kwenye kitabu, lakini. Wengi niliosoma nao walikwenda mitano.

Hatua ya 2: Wasimamizi

Jipange kwa wawili angalau. Kisumu tumezoea mmoja wa chuoni na mwingine wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pale Kisian, njia panda ya Busia na Bondo, kwa sababu huko ndiko kwenye mashine na miradi yenye pesa. Shida ni kwamba sampuli za mradi si zako. Kama utafiti wako umening'inia kwenye mradi mkubwa, andikianeni mapema data ipi ni ya tasnifu yako, nani anaandika makala ipi na jina la nani linatangulia. Mazungumzo haya yana aibu mwaka wa kwanza. Ukiyasukuma hadi mwaka wa nne yanakuwa ugomvi.

Hatua ya 3: Pendekezo la utafiti

Utalitetea idarani, kisha ngazi ya shule au kitivo, kisha liende kwa kitengo cha masomo ya uzamili na uzamivu. Kila ngazi itakurudisha na marekebisho, zoea. Punguza mada. "Malaria kanda ya ziwa" ni mradi wa serikali. Usugu wa dawa katika vimelea vya Plasmodium falciparum kwa watoto wa zahanati mbili za Nyando ni tasnifu. Malengo matatu yanatosha, na lengo la kwanza lipange liweze kusimama kama makala peke yake. Utaona sababu yake hatua ya 6.

Hatua ya 4: Maadili, leseni, kaunti

Mpangilio una zamu. Kwanza kamati ya maadili iliyoidhinishwa, iwe ya chuo chako, ya hospitali ya rufaa ya Jaramogi (wengi bado tunaiita Russia) au nyingineyo. Ukitumia maabara na watafiti wa KEMRI tarajia kupita kamati yao pia. Kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, iliyo chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Haitoki kabla ya barua ya maadili. Kisha ofisi ya afya ya kaunti na ya kamishna wa kaunti, halafu mkuu wa hospitali au zahanati. Sampuli zikitoka nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha sampuli unahitajika, na huo una foleni yake.

Sasa sikiliza. Kibali cha maadili ni cha mwaka mmoja, na leseni vilevile. Mimi nilijua hilo. Niliandika tarehe kwenye daftari, daftari likabaki ofisini, nami nikawa zahanatini nikikusanya sampuli huku msimu wa mvua ukinipa wagonjwa kila siku. Nilipokuja kushtuka, kibali kilikuwa kimekufa siku 11 zilizopita. Katika siku hizo tulikuwa tumetoa damu watoto 19. Niliandika ripoti ya ukiukaji kwa kamati kwa mkono wangu, nikaambiwa zile 19 zisitumike, na kazi yote ikasimama hadi kibali kipya kitoke. Mvua haikunisubiri. Wagonjwa wa msimu ule niliwapata tena mwaka uliofuata.

Tangu hapo nilibandika plasta nyeupe kwenye mlango wa friza, na juu yake tarehe ya kibali kwisha kwa kalamu ya wino usiofutika. Chini yake tarehe nyingine, miezi mitatu nyuma, ya kuomba upya. Friza unaifungua kila siku, daftari huifungui.

Hatua ya 5: Shambani na maabara

Fomu ya ridhaa ijaribiwe kwa watu halisi kabla ya kuanza. Yetu ya kwanza kwa Dholuo ilisema tutapima damu, na akina mama wakaelewa ni matibabu, wakakaa kwenye benchi kusubiri majibu na dawa. Ilibidi tuirudie na kuweka neno nonro, utafiti, juu kabisa. Mama mmoja akauliza, "Mililita mbili ndiyo nini? Mnaenda kuuza?" Muuguzi akachukua kijiko cha chai, akamimina maji hata nusu hayajafika, akamwonyesha. Kijiko kile kilikaa mezani hadi siku ya mwisho ya mradi.

Matone ya damu kwenye karatasi ya kuchujia yaache yakauke vizuri, usiku kucha ukiweza, ndipo uyafungie kwenye mfuko pamoja na vijiwe vya kufyonza unyevu. Kisumu ina unyevu wa ziwa. Karatasi iliyofungwa mbichi huota ukungu. Gawa kila sampuli mara mbili, friza mbili, majengo mawili. Stima ikipotea usifungue mlango kuangalia kama baridi ipo.

Hatua ya 6: Makala

Anza kuandika makala ya kwanza data ya lengo la pili ikiwa bado inakusanywa. Kutoka kutuma hadi kukubaliwa, yangu ya kwanza ilikula miezi tisa, baada ya kukataliwa na majarida mawili. Laiti ningeianza mwaka wa pili badala ya wa nne! Toleo la awali uliloweka mtandaoni kabla ya uhakiki usilihesabu kama chapisho. Na jarida linalokuandikia lenyewe, likikusifu na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tano, ni mtego: utalipa, na chuo kitaikataa. Angalia kama limo kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, au kama makala zake zinaonekana PubMed, hifadhidata ya makala za tiba.

Hatua ya 7: Kuwasilisha na kutetea

Hii ni fupi kwa sababu inaenda yenyewe ukiwa umefika. Unatoa taarifa ya nia ya kuwasilisha, vyuo vingi huitaka miezi kadhaa kabla ili watahini watafutwe. Tasnifu inapitishwa kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi. Sehemu ya mbinu uliyoinakili kutoka makala yako mwenyewe nayo itahesabiwa. Watahini wa ndani na wa nje wanasoma, unatetea, unarekebisha, wasimamizi wanathibitisha marekebisho, unajalidi. Siku ya kutetea nilijiandaa kwa hesabu ngumu, mtahini akaniuliza kwa nini nilichagua zahanati zile na si nyingine. Nilikuwa nimesahau.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa Bungoma: Daktari, nina uzamili wa elimu ya baiolojia. Nitakubaliwa?

Jibu: Mwalimu, inategemea tasnifu yako ya uzamili ilikuwa ya ufundishaji au ya maabara. Ikiwa ya ufundishaji, tarajia kuambiwa usome kozi za ziada kwanza, kinga ya mwili na baiolojia ya molekuli hasa. Peleka nakala ya matokeo yako idarani kabla ya kujaza fomu.

Nyar Ahero: Mimi ni mtaalamu wa maabara hospitalini. Damu inayobaki baada ya vipimo tunaitupa. Naweza kuitumia kwa uzamivu?

Jibu: Dadangu, wazo ni zuri ila usiweke hata mrija mmoja pembeni sasa hivi. Kusamehewa kuomba ridhaa ya mgonjwa huamuliwa na kamati ya maadili, wewe unaomba tu. Rekodi za wagonjwa nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo eleza nani ataondoa majina na wapi orodha ya kuoanisha namba na majina itakaa. Na asiwe wewe huyo huyo.

Kijana wa Nyalenda: Majarida yanaitisha dola. Sina mfadhili.

Jibu: Yapo yasiyotoza mwandishi. Mengine hupunguza au kufuta ada kwa nchi kama yetu, lakini omba wakati wa kutuma, kwa kuwa mengi hayasikilizi maombi baada ya kukubali makala. Mfuko wa Taifa wa Utafiti ukitangaza nafasi, weka ada ya uchapishaji ndani ya bajeti tangu mwanzo. Mimi niliisahau, nikauza mbuzi.

Kijana wa Nyalenda: Mbuzi wangapi?

Jibu: Acha hiyo.

Min Opiyo: Msimamizi wangu wa kwanza amenyamaza mwezi wa nne sasa. Ni mzee, naogopa kumkosea heshima.

Jibu: Heshima na kumbukumbu zinaweza kwenda pamoja, mama. Mwandikie barua pepe, nakala kwa msimamizi wa pili: "Profesa, niliwasilisha sura ya tatu tarehe fulani, naomba maelekezo yako kufikia tarehe fulani." Usitume salamu za WhatsApp na kungoja. Kisha jaza ripoti ya maendeleo ya muhula na useme ukweli ndani yake. Mwenyekiti wa idara akiiona, suala linahama kutoka kwako kwenda kwake.

Omwana wa Vihiga: Najifungua mwezi wa nane. Nikiahirisha masomo, kila kitu kinasimama?

Jibu: Hongera kwanza! Usajili wa chuo unasimama ukiandika barua na kujibiwa, na siku za likizo hazihesabiwi kwenye muda wako wa masomo. Kibali cha maadili na leseni havisimami. Omba upya kabla ya kuenda likizo hata kama huchukui sampuli, na umwachie mtu mmoja anayejua friza yako iko wapi na ufunguo wake uko kwa nani.