Somo: Kupanga mkao wa data kwenye programa ya chipu yenye soketi nyingi

Ninaliandika somo hili kwa sababu wanaotumia programa, yaani kifaa cha kuandika data ndani ya chipu za kumbukumbu, huuliza swali lilelile kila mara: faili ni moja, chipu ni mbili au nne, je, ipi iandikwe nini? Yeyote anayeniletea bodi hapa Arusha, iwe imetoka Themi au Unga Limited, naomba alisome kwanza. Mfano wetu ni chipu mbili za kumbukumbu aina ya 27C512, kila moja ikiwa na baiti 65,536, pamoja na faili la baiti 131,072.

Hatua ya kwanza: chagua aina ya chipu kama ilivyoandikwa mgongoni, hadi herufi ya mwisho. Kwa mfano, 2764 ya Intel huandikwa kwa volti 21, na 2764A kwa volti 12.5; ukiisahau A hiyo, 2764A itapata volti 21 na inaweza kuungua.

Hatua ya pili: hakikisha chipu ni tupu, yaani kila baiti inasomeka FF (namba ya heksadesimali, biti zote zikiwa 1).

Hatua ya tatu: jaza kumbukumbu ya programa kwa FF, kisha pakia faili. Faili la Intel HEX (aina ya faili ambayo data huandikwa pamoja na anwani zake) ambalo anwani zake zinaanzia E0000 lipunguziwe kiasi hicho, ili data ianzie sifuri.

Hatua ya nne ni kuchagua mkao, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Katika hali ya nakala, kila soketi hupata data ileile. Hali hii ni ya kutengeneza chipu nyingi zinazofanana, wala si ya faili letu. Katika hali ya seti, faili hugawanywa. Tuseme faili linaanza na neno KARIBU. Seti ya biti 16 hupeleka baiti za anwani shufwa (0, 2, 4...) soketi ya 1 na za anwani witiri (1, 3, 5...) soketi ya 2, kwa hiyo chipu ya kwanza itasomeka KRB na ya pili AIU. Seti ya biti 32 hugawa kwa soketi nne: KB, AU, R na I. Seti ya mfululizo haichanganyi chochote; nusu ya kwanza ya faili huenda soketi ya 1 na nusu ya pili soketi ya 2, na hutumika pale ambapo prosesa ni ya biti 8. Kabla ya kuchagua, fungua faili utafute maandishi yoyote ndani yake. Ukikuta AKIRUB, baiti zimeshapinduliwa mbili mbili na aliyelihifadhi, nawe uzipindue tena kwanza. Tahadhari kubwa: usiitegemee jumla ya ukaguzi (checksum) ya seti nzima. Jumla hiyo hujumlisha baiti tu, na baiti zilezile zikikaa mahali pasipo pake jumla haibadiliki hata kidogo.

Hatua ya tano: andika, thibitisha, na uweke alama ya 1 na 2 juu ya chipu kabla hujazitoa kwenye soketi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nimefuata yote lakini mashine haiwaki. Tatizo ni nini?

Jibu: Hujataja prosesa, aina ya chipu wala mkao uliochagua. Vitaje kwanza.

Swali: Prosesa ni ya biti 16. Chipu zote mbili zina jumla ileile ya ukaguzi.

Jibu: Basi umeandika katika hali ya nakala. Rudi hatua ya nne, imeelezwa pale.

Swali: Shikamoo fundi. Niko Moshi, na bodi yangu ina prosesa ya 68000, ila soketi zake hazina alama. Nitajuaje ipi ni ya baiti shufwa?

Jibu: Marahaba, umeuliza vizuri. Kwenye 68000 baiti ya anwani shufwa hupita D8 hadi D15, wakati kwenye prosesa ya 8086 hupita D0 hadi D7 (D0 hadi D15 ni njia za data za prosesa), na ndiyo maana mazoea ya bodi moja hayafai kwenye nyingine. Zima umeme, chukua maltimita iliyowekwa kwenye kipimo cha mlio, uweke ncha moja kwenye mguu wa 11 wa soketi ya chipu, ambao ndio D0 ya 27C512. Ncha ya pili igusishe kwenye 68000 ya miguu 64; ukipata mlio kwenye mguu wa 61 hiyo ni soketi ya shufwa. Ukiupata kwenye mguu wa 5 ni ya witiri. Usipopata mlio popote, kuna bafa (chipu ya kupitisha ishara) katikati, na utalazimika kufuata njia kupitia bafa hiyo.

Swali: Asante sana. Je, chipu yenye dirisha la kioo juu yake, ile inayofutwa kwa mwanga, naweza kuifuta kwa jua?

Jibu: Jua kali la moja kwa moja huchukua takriban wiki nzima, na biti zilizofutika nusu huleta hitilafu ya kuja na kupotea. Tumia taa ya urujuanimno ya nanomita 254 kwa dakika 15 hadi 20, chipu ikiwa karibu sentimita mbili na nusu kutoka kwenye taa, wala usiitazame taa hiyo kwa macho. Ukishaandika, funika dirisha kwa karatasi isiyopitisha mwanga.