Jinsi ya kusoma faili ya dai la ardhi la mlowezi: Kenya, 1902 hadi 1939

Mwongozo huu ni wa yeyote anayefuatilia historia ya kipande cha ardhi kilichokuwa shamba la mzungu katika nyanda za juu za Kenya, awe mwanafunzi, wakili au mzee wa ukoo anayetaka kujua watu wake waliondolewaje. Wengi huzipita barua za walowezi kwa kudhani haziwahusu, na hapo ndipo wanapopoteza mali. Mlowezi aliyemwandikia Gavana kulalamika kwamba kuna maboma na mifugo ya watu ndani ya mipaka yake, alikuwa anaweka kwa maandishi, pamoja na tarehe na sahihi, kwamba watu walikuwa wakiishi pale.

Hatua ya 1: Jua sheria iliyotumika

Kabla ya kuomba faili yoyote, weka dai chini ya sheria yake. Sheria ya Ardhi ya Taji (yaani ya ufalme wa Uingereza) ya 1902 iliruhusu kuuza hadi eka 1,000 kwa mtu mmoja, au kukodisha kwa muda usiozidi miaka 99. Mlowezi mdogo alipewa eka 160 za makazi, na haki ya kununua nyingine 480 zinazopakana nazo. Ndiyo maana utakutana na 640 mara nyingi: ni maili moja ya mraba kamili.

Sheria ya 1915 iliongeza muda hadi miaka 999, na ikampa Gavana uwezo wa kuzuia ardhi isihamishwe kutoka mtu wa jamii moja kwenda kwa mtu wa jamii nyingine. Walowezi walikuwa wamepigania jambo hili kwa miaka. Barua ya 1910 inayodai muda mrefu zaidi ni sehemu ya kampeni hiyo, usiisome kama shida ya mtu mmoja.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya shamba, si jina la mwenyewe

Majina hudanganya. Shamba liliuzwa, likagawanywa, likarudishwa serikalini, na jina la mlowezi likabaki midomoni mwa wanakijiji miaka mingi baada ya yeye kuondoka. Namba ndiyo uti wa mgongo wako. Katika ramani na barua za zamani huandikwa L.O. (Land Office, ofisi ya ardhi), baadaye L.R. (Land Reference, namba ya rejea ya ardhi). Shamba likigawanywa, vipande hupewa namba mpya au alama ya mkwaju (/) na tarakimu baada ya namba ya mama. Andika kila namba iliyowahi kutumika, pamoja na ukubwa wake wakati huo.

Kisha zitafute namba hizo katika Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kutoka mwaka 1899.

Majina ya mahali nayo yana mitego. Fort Hall ni Murang'a, Port Florence ni Kisumu, Thomson's Falls ni Nyahururu. Na kuna mtego mkubwa zaidi: hadi Aprili 1902 Naivasha na Kisumu zilikuwa upande wa Uganda. Ukitafuta barua ya 1901 ya Naivasha katika kumbukumbu za Kenya pekee, utakaa wiki nzima bila kuipata.

Hatua ya 3: Ipate faili na uisome kwa mpangilio wake

Nyaraka za Kitaifa ziko Moi Avenue, Nairobi. Faili za wilaya na mikoa huanza kwa alama kama DC/MKS (mkuu wa wilaya, Machakos) au PC/COAST (mkuu wa mkoa, Pwani). Nakala zilizofika London ziko Kew, kwenye Nyaraka za Kitaifa za Uingereza: FO 2 (Wizara ya Mambo ya Nje) kwa miaka iliyotangulia 1905, kisha CO 533 baada ya Wizara ya Makoloni (CO) kuchukua usimamizi.

Katika CO 533 huanza maoni ya makarani wa London, kisha barua ya Gavana, na mwishoni viambatisho. Barua ya mlowezi mwenyewe ni kiambatisho. Anza nyuma uje mbele, la sivyo utasoma jibu kabla ya swali na utabeba mtazamo wa karani bila kujua. Kumbuka pia kwamba malalamiko yalipaswa kupitia kwa Gavana, kwa hiyo tarehe iliyo juu ya faili inaweza kuwa miezi baada ya mlowezi kuandika. Nakili tarehe zote: ya kuandikwa, ya kutumwa na ya kupokewa.

Hatua ya 4: Ligawe lalamiko

Chukua karatasi, andika: aliahidiwa nini, na nani, kwa sheria gani, amekosa nini, anataka nini. Barua nyingi huchanganya mambo matatu manne kwa hasira moja. Yanayojirudia ni haya.

Upimaji. Wapima ardhi walikuwa wachache, na mlowezi angekaa muda mrefu bila bikoni (alama za mpaka) wala hati. Bila hati, benki haikumkopesha. Palipo na ucheleweshaji wa upimaji, tarajia ugomvi wa mpaka.

Upendeleo. Lord Delamere, mlowezi tajiri, alipata takriban eka 100,000 Njoro mwaka 1903, huku mlowezi mwingine akihangaikia eka 640. Kampuni ya East Africa Syndicate ilipewa maili za mraba 500, huku London ikimkatalia Kamishna Charles Eliot (mkuu wa serikali kabla ya kuwepo cheo cha Gavana) kuwapa ardhi waombaji wawili kutoka Afrika Kusini. Eliot alijiuzulu 1904 kwa sababu hiyo.

Fedha. Hapa ndipo watafiti wengi huharibu hesabu. Kabla ya 1920 rupia 15 zilikuwa pauni 1, hivyo eka 640 kwa rupia 2 kila eka ni rupia 1,280, yaani pauni 85 na shilingi 6 na peni 8. Mwaka 1920 rupia iliwekwa kuwa shilingi 2, yaani rupia 10 kwa pauni. Mlowezi mwenye deni la rupia 15,000 alilala akidaiwa pauni 1,000, akaamka akidaiwa 1,500. Ikaja florini, kisha shilingi. Usibadilishe kiasi chochote kabla ya kuangalia mwaka.

Vibarua na maskwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota, yaani Mwafrika aliyeishi na kulima ndani ya shamba la mlowezi, afanye kazi siku 180 kwa mwaka kwa mwenye shamba. Mlowezi akilalamika kwamba skwota wake wana mifugo mingi mno, hesabu aliyotoa ya ng'ombe na familia ni data. Inakili yote.

Hatua ya 5: Wasome ambao hawakuandika

Fungua vifungu vya 30 na 31 vya sheria ya 1902. Cha 30 kinataka haki na mahitaji ya wenyeji yazingatiwe. Cha 31 ndicho chenye sumu: serikali inaweza kukodisha eneo lenye vijiji bila kuvitenga kwenye hati, ardhi inayokaliwa inahesabiwa kuwa nje ya mkataba, lakini kwa muda tu ambao inaendelea kukaliwa. Watu wakiondoka, inaingia kwa mlowezi bila karatasi nyingine.

Sasa rudi kwenye barua uangalie kitenzi. Mlowezi akisema watu "wamehama", uliza walihamaje, mwezi gani, na nani alichoma au kubomoa nyumba. Wamaasai walihamishwa kwa makubaliano ya 1904 na 1911. Kesi ya Ole Njogo ya 1913, ya Wamaasai waliopinga kuhamishwa, ilitupwa kwa hoja kwamba makubaliano hayo ni mikataba ya kimataifa, mahakama haina mamlaka juu yake. Hukumu ya Jaji Barth ya 1921 ikawafanya Waafrika wapangaji wa Taji wanaoweza kuondolewa wakati wowote.

Linganisha na ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Carter, tume ya kuchunguza ardhi ya Kenya, iliyoanza 1932 na ripoti yake kuchapishwa 1934. Ushahidi una juzuu tatu, na humo wazee wanataja mito, vilima na makaburi. Mto uliotajwa na mzee ukiwa ndio mpaka uliotajwa na mlowezi, umepata mahali pako.

Hatua ya 6: Panga

Chora safu tano: tarehe, namba ya shamba, mwandishi, alichosema kuhusu waliokuwa pale, na alama kamili ya faili pamoja na ukurasa. Safu ya nne isijazwe kwa maneno yako. Nukuu kama ilivyoandikwa, hata kama lugha inaudhi. Ukiacha namba ya ukurasa, atakayekufuata atalazimika kuifungua faili upya kuanzia mwanzo.